Kabla Uniambie ni Majitu, Umepima?

Wasee, leo sina mizaha. Kuna aina ya video imejaa kwenye simu zenu na nimechoka nayo, na nina haki ya kuchoka juu mimi mwenyewe nimetengeneza tatu. Unaijua vizuri. Ukungu. Muziki wa kutisha. Mawe yamesimama kwa mstari kwenye nyasi, hakuna nyumba, hakuna mtu. Halafu ile sauti nzito ya akili mnemba: "Wanasayansi hawataki ujue siri hii." Sekunde 58 baadaye umeambiwa ni majitu, ama ni viumbe wa anga, ama ni mji uliozama, na ushabonyeza kitufe cha kufuata. Hakuna mtu amekuambia mawe yenyewe ni mangapi.

Ya kwangu ilikuwa ya Dartmoor, kule Uingereza. Sijawahi kufika Dartmoor. Picha niliokota, zingine zilikuwa za kuundwa na kompyuta, na maneno nilitunga nikiwa kwa matatu. Iliangaliwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Kwenye komenti watu walikuwa wanalia moto tu, moto tu, mpaka akaingia mzee mmoja ambaye picha yake ya wasifu ni ng'ombe. Akaandika sentensi moja: "Kijana, kabla uniambie ni majitu, umepima?"

Nikamjibu: "Mzee, enda ulale." Nikapata vicheko vyangu, siku ikaisha.

Shida ni kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho alikuwa na ruhusa ya kuandika hivo. Kabla niache kampasi mwaka wa pili, juu karo iliisha kabla ya hamu kuisha, nilikuwa nasomea upimaji ardhi. Nimebeba tepu ya mita 30 kwa jua. Nimekosea vipimo na nikarudishwa kuanza upya mpaka giza liingie. Nilikuwa najua kabisa kupima ni nini, na bado nikawauzia majitu. Kwa hivyo hii ni ugomvi na mimi kwanza, halafu na nyinyi nyote mnaopika hizo video, halafu na nyinyi mnaozimeza.

Sasa wacha niwaambie Dartmoor ni nini, venye nilipaswa kuwaambia mara ya kwanza.

Iko kusini-magharibi mwa Uingereza, kaunti ya Devon. Ni mbuga ya kitaifa tangu 1951, kilomita za mraba 954. Kilele chake cha juu kabisa, High Willhays, ni mita 621. Mtu wa Nairobi hapo anacheka, juu hata mtaa wako uko juu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Lakini usiulize urefu, uliza hali ya hewa. Upepo, mvua ya kila saa, ukungu unaokuja kwa dakika chache usione kiatu chako. Chini ni mwamba wa matale, juu yake kuna mboji, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza nusu kwa sababu maji hayatoki. Ukikanyaga vibaya unazama mpaka goti. Kama umewahi kupanda Aberdare ukapita msitu wa mianzi ukatokea kwenye zile nyasi za baridi zenye vinamasi, una picha. Na ukiwa upande wa kaskazini wa Dartmoor ujue kwamba jeshi linafanyia mazoezi ya risasi za kweli huko, kwa hivyo kuna siku bendera nyekundu inapandishwa na huingii.

Kwenye hiyo baridi kuna mabaki ya nyumba za duara karibu 5,000. Elfu tano, na usisome haraka. Kuna mistari ya mawe zaidi ya 70, mmoja wao kwenye bonde la mto Erme unapita kilomita 3. Kuna mahali panaitwa Grimspound, ukuta wa mawe umezunguka nyumba 24, na bado unaweza kuingia kwa mlango ambao mtu aliingilia kabla ya Roma kuwa Roma. Watu walikuwa wamejaa huko. Walikuwa na ng'ombe na kondoo, walikuwa wanapika, walikuwa wanagombana. Ukimya unaouona kwenye video ulikuja baadaye.

Na hii biashara ya kuongeza chumvi haikuanza na TikTok. Karne ya 18 na 19 mapadri wa kizungu na matajiri wenye muda walikuwa wanapanda huko, wanaona mawe, wanarudi nyumbani kuandika kwamba hizo ni hekalu za Wadruidi, wale makuhani wa Waselti, na damu inamwagika juu ya mawe. Hawakuwa na ushahidi wowote. Wadruidi tunawasoma kwa waandishi wa Kirumi wakati wa Julius Caesar, karne ya kwanza kabla ya Kristo. Mawe mengi ya Dartmoor yalikuwa yamesimama zaidi ya miaka 1,000 kabla ya hapo. Ni kama useme ngome ya kale ilijengwa na gavana wa juzi. Mwaka 1894 kamati ya watu wa huko ikaenda kuchimba Grimspound, wakakuta mafiga, makaa, mashimo ya kupikia. Jikoni, wasee. Walitafuta hekalu la damu wakapata jikoni. (Kamati hiyo hiyo ikapandwa na furaha ikaanza kujenga upya vipande vya ukuta, na wataalamu wakalalamika. Hata mtu mzuri akikosa subira anaharibu.)

Lakini stori ninayotaka mbaki nayo ni ya rivi.

Rivi ni jina la wenyeji wa huko kwa vijikuta virefu vilivyobomoka, vimefunikwa na nyasi, havifiki hata goti. Vinapita kwenye nyika kama mshono. Kila mtu aliviona. Wachungaji waliviona, waandishi wa karne ya 19 waliviona, wakasema ni njia za zamani za kutembea, wakaendelea na safari. Ukisimama juu yake huoni kitu cha maana, unaona tuta. Ilikaa hivo mpaka miaka ya 1960 na 1970, ndipo watafiti wachache wakaanza kuvifuata kwa mguu, kimoja baada ya kingine, na kuvichora. Anayejulikana zaidi ni Andrew Fleming. Huyo mtu alitembea. Alitembea miaka. Kitabu chake kuhusu rivi kilitoka 1988, na kazi yenyewe alikuwa ameanza katikati ya miaka ya 1970.

Unajua kilichotokea zilipochorwa? Zilikuwa sambamba. Mstari, mstari, mstari, mingi kwa pamoja, halafu mmoja mrefu unakata juu kama ukuta wa mwisho. Moja ya hiyo mirefu inapita kilomita 10. Mahali panaitwa Dartmeet, mistari inashuka kwenye korongo la mto, inapotea, halafu inatokea ng'ambo ikiwa bado kwenye mwelekeo ule ule, kama vile mto haukuwepo. Yalikuwa mashamba. Maelfu ya hekta zilizogawanywa kwa mpango mmoja, karibu miaka 3,500 iliyopita. Kulikuwa na watu wameketi, wakakubaliana, wakasema mpaka utapita hapa, wa kwako ni huu, wa kwangu ni ule, na mlima na mto havitatubadilisha nia. Sisi Wakenya ndio tunafaa kuelewa hiyo kuliko mtu yeyote. Sisi ni watu wa ploti. Sisi ni watu wa kuamka asubuhi kuangalia kama jirani amesongeza bikoni. Hiyo ndiyo Dartmoor: bikoni za watu waliokufa zamani, bado ziko mahali pake.

Hakuna jitu hapo, na bado ni kubwa kuliko jitu lolote nililowauzia.

Na ilipatikana vipi? Sitaki mfikirie kuna mashine ya ajabu. Unaenda miezi ya baridi, kwa sababu kiangazi yale majani ya kangaga yanamea mpaka kiunoni na hayaachi uone kitu. Unasubiri jua likiwa chini, asubuhi ama jioni, ndipo tuta la sentimita 20 linatoa kivuli. Unapigilia vigingi viwili, unanyoosha tepu kati yao, huo ndio mstari wako wa msingi. Halafu kila jiwe unapima limetoka kwenye mstari umbali gani, unaandika. Mwenzako anashika upande ule mwingine wa tepu na mnapigiana kelele kwa upepo. Karatasi inalowa. Kidole kinakufa ganzi. Unaandika pia pale ambapo hakuna jiwe, juu pengo nalo ni habari: inaweza kuwa mlango, inaweza kuwa mtu wa juzi aliiba mawe akajenge zizi. Siku nzima umemaliza mita 80. Kesho unarudi. Hiyo kazi huwezi kuiweka muziki.

Sai kuna njia za haraka, sawa. Ndege inapita juu ikirusha miale ya leza mamilioni, kompyuta inatoa majani yote kwenye picha, unaona ardhi ikiwa uchi. Mwaka 2020 wakati wa korona, watu wa kujitolea wakiongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Exeter walikaa kwao na laptopu wakipitia picha kama hizo za eneo lililo kati ya nyika ya Bodmin na Dartmoor. Walipata makazi ya kale kadhaa ambayo hayakuwa kwenye rekodi yoyote, na vipande vya barabara ya Kirumi. Wengi wao hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wamefungiwa nyumbani kama sisi, wakati mimi nilikuwa najifunza kucheza ngoma mbele ya kamera. Lakini hata hao wakimaliza, lazima mtu apande huko na viatu aende kuthibitisha, juu mtaro wa maji wa 1950 na ukuta wa miaka 3,500 vinaweza kufanana kabisa ukivitazama kutoka angani.

Mwaka 2004 mtafiti wa huko, Tom Greeves, alikuwa anatembea Cut Hill, moja ya sehemu za mbali kabisa za Dartmoor, juu ya mita 600. Akaona mawe marefu yamelala, yanachungulia kutoka kwenye mboji. Yakapimwa. Ni mstari wa mita zaidi ya 200. Mboji iliyoyazingira ilipopelekwa maabara, ikaonekana hayo mawe yamelala hapo zaidi ya miaka 4,000. Watu walikuwa wanapita na mikoba yao ya kupandia milima. Kilichokosekana ni mtu wa kuinama.

Na wacha niwape moja ya mwisho ya huko kabla nirudi nyumbani, juu hii ndiyo ilinimaliza.

Whitehorse Hill, karibu mita 600 pia. Kulikuwa na sanduku la mawe ndani ya kilima kidogo cha mboji, na mboji ilikuwa inamomonyoka. Mwaka 2011 wakaamua kulifungua kabla lianguke. Ndani kulikuwa na mifupa iliyochomwa, imefungwa kwenye ngozi ya dubu. Kikapu kidogo kilichofumwa. Shanga kama 200, zingine za kaharabu. Bangili ya nywele za ng'ombe zilizosukwa, imepachikwa vifungo vidogo vya bati. Kwa kawaida udongo wa Dartmoor unakula kila kitu, mifupa, ngozi, nguo, lakini mboji ilikuwa imefunga hewa na vitu vikakaa. Wakapima mifupa. Mtu wa kati ya miaka 15 na 25. Pengine msichana. Karibu miaka 3,600 imepita.

Huyo ni rika letu. Alikuwa na shanga. Mtu aliketi akamsukia bangili, nywele moja moja, akapanga vile vifungo. Sasa fikiria huyo mtu anakuja kuwa sekunde 58 kwenye simu yako, ati "binti wa mfalme wa anga." Mimi ningefanya hiyo video. Najua kabisa ningeifanya, na ningechagua muziki gani.

Sasa najua mtasema: bro, ni burudani tu, nani anaumia?

Basi twende Zimbabwe. Miaka mingi wakoloni waliangalia kuta za Great Zimbabwe wakasema Mwafrika hawezi. Lazima ni Wafoinike, lazima ni Malkia wa Sheba. Hiyo ndiyo ilikuwa "siri" yao. Mwaka 1929 akaja mwanamke anaitwa Gertrude Caton-Thompson, akachimba taratibu, akapima, akapanga vyungu kwa tabaka, akatangaza: hii ni kazi ya Waafrika. Walimkasirikia. Na serikali ya walowezi ya Rhodesia miaka ya baadaye bado haikutaka hiyo isemwe kwa sauti. Siri ilikuwa na faida kwa mtu. Ukishasema "hakuna ajuaye aliyejenga," umefungua mlango wa kusema "basi si nyinyi," na baada ya hapo shamba linachukuliwa.

Unadhani ilikuwa Zimbabwe peke yake? Hapa kwetu. Nyanda za juu za magharibi, Uasin Gishu, Nandi, mpaka upande wa Nakuru na Sotik, kuna mashimo ya duara kwenye miteremko ya vilima, zingine zimepangwa mawe pembeni. Yanaitwa mashimo ya Wasirikwa. Wazee wa Kikalenjin walikuwa wanasema hivo siku zote: ni ya Wasirikwa, watu wa ng'ombe waliokuwa hapa. Mwandishi Mwingereza, Huntingford, mwaka 1933 akaandika nadharia ya "ustaarabu wa Azania," ati kulikuwa na watu fulani waliopotea ndio walijenga vitu vya mawe vya Kenya. Mwaka 1959 mwingine, Murdock, Mmarekani, akasukuma wazo la aina hiyo hiyo mbele. Zilikuwa nadharia tamu kweli. Zilikuwa video ya sekunde 58, tu zimevaa tai.

Nani alizivunja? Mtu aliyepima. John Sutton, miaka ya 1960, alizunguka hizo nyanda akiorodhesha mashimo, akichora, akichimba machache. Akaonyesha kwamba ni mazizi ya ng'ombe. Zizi linachimbwa kwenye mteremko, mlango mmoja mwembamba unaangalia chini, nyumba zimeungana nalo kwa pembeni. Samadi na matope yanasukumwa nje kupitia mlango kila siku, na ndiyo sababu chini ya shimo huwa kuna lile tuta. Miaka mia kadhaa ya mtu kuamka asubuhi kufagia zizi. Wazee walikuwa wamesema ukweli kuhusu nani, na kipimo kikasema vipi.

Na kama unafikiria Dartmoor na Nakuru haziwezi kukutana, zinakutana kwa mtu mmoja. Mary Leakey, kabla aitwe Leakey, alijifunzia uchimbaji Devon miaka ya mwanzo ya 1930, kwenye ngome ya kale ya Hembury, mashariki ya Dartmoor, chini ya mwanamke anaitwa Dorothy Liddell. Halafu huyo huyo Caton-Thompson wa Zimbabwe ndiye alimpa kazi ya kuchora na kumkutanisha na Louis Leakey. Mwaka 1937 Mary alikuwa Hyrax Hill, Nakuru, anachimba, na kati ya alivyopima ni hayo mashimo ya Wasirikwa. Mkono uliofundishwa kuchora kwenye udongo wa Devon ulikuja ukachora zizi letu. Nauli ya matatu kutoka mjini Nakuru mpaka Hyrax Hill ni ya kununua mandazi. Umeenda? Mimi nilikuwa sijaenda mpaka mwaka huu.

Sasa wacha niseme kilichonifanya niandike hii yote.

Desemba nilienda kwa mjomba, upande wa Moiben. Nikakumbuka nikiwa mtoto tulikuwa tunacheza kwenye shimo moja kubwa juu ya shamba lake, tunateleza na magunia. Nikaona hapo ndipo nitamwonyesha yule mzee wa ng'ombe. Nikabeba kamba, tepu, daftari, simu imejaa chaji. Nikamuuliza, "Mjomba, lile shimo la kule juu bado liko?"

Akasema, "Gani, lile la Wasirikwa? Tulilifukia. Trekta ilikuwa inazama."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anamenya muhogo. Aliniambia kulikuwa na mawe mazuri pembeni, wakayatumia kwa msingi wa choo. Mahindi yalikuwa yamemea hapo, safi, yamenizidi urefu, na ukiangalia sana unaona mahali ambapo yamekuwa ya kijani zaidi kuliko mengine. Ni ile samadi. Miaka 300, 400, bado inalisha mtu.

Siwezi kumlaumu. Nani alikuwa amewahi kumwambia? Sheria iko, Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006, na inasema ukigundua kitu kama hicho utoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa. Lakini sheria haijawahi kunywa chai kwa mjomba. Mimi nimewahi. Mimi ndiye nina watu wanaonisikiliza, na hao watu nilitumia kuwaambia kuhusu majitu ya Uingereza, na siku hizo zote shimo lilikuwa bado wazi. Nilihesabu. Nilipoweka ile video, lilikuwa halijafukiwa.

Kule Dartmoor vitu pia viliharibiwa, msidhani wazungu ni malaika. Mawe ya rivi yamejengewa maboma, vibarabara, mageti. Miaka ya 1970 machimbo ya udongo wa kaolini yalikuwa yanatishia kufunika Shaugh Moor kwa taka, lakini kabla yafunike timu ikaingia 1976 ikapima na kuchimba miaka kadhaa. Ikipotea, imepotea ikiwa kwenye karatasi. La mjomba limepotea likiwa kwenye kichwa changu tu, na kichwa changu hakikumbuki hata mlango ulikuwa upande gani. Nakumbuka magunia.

Kwa hivyo tusidanganyane na visingizio. "Sina vifaa." Una kamba, una simu yenye GPS na dira, una miguu. "Sijasoma." Mimi pia sikumaliza. Sikwambii uchimbe, kwanza usichimbe kabisa: bila leseni ni kosa, na unaharibu ambacho mwenye ujuzi angesoma. Nakwambia upime juu juu, uchore, upige picha ukiwa umeweka kitu cha kuonyesha ukubwa, umuulize mwenye shamba ruhusa na jina la mahali kwa lugha yake, upelekee Makumbusho. Na usiweke ramani kamili mtandaoni, kuna watu wanasikia "kale" wanakuja na majembe usiku kutafuta dhahabu. "Watu hawataangalia." Labda. Ya kwangu ya Hyrax Hill imeangaliwa na watu wachache mpaka naona haya kutaja.

Wenye video za majitu, sikatai mkule. Lakini mkituonyesha mawe, tuambieni ni mangapi na yako wapi. Mkishindwa hiyo, nitakuja kwenye komenti kila siku na picha ya ng'ombe.

Binamu alinionyesha shimo lingine, kwa jirani, limebaki kwa sababu liko kwenye mawe trekta haifiki. Mwenye shamba alituruhusu, akaleta na kiti akaketi kutuangalia kama mpira. Tulipima kutwa. Kutoka ukingo mpaka ukingo mita 12 na robo, kwa upande ule mwingine 11.4. Kina, mita 1.6 pale penye kina zaidi. Mawe yaliyopangwa ambayo bado yanaonekana ni 37, na mengine yamemezwa na nyasi sikuyagusa. Nilichora kwa penseli, nikachanganya vipimo viwili, nikafuta, nikarudia. Jioni nikampigia picha mchoro nikamtumia yule mzee, nikaanza na "Samahani, mzee wangu, kwa ile siku."

Alijibu kesho yake asubuhi. "Nimeshukuru. Mlango unaangalia wapi?"

Sikuwa nimeandika. Jumamosi narudi.